Mstari kwenye Mlango wa Bati

Mimi fundi baiskeli, hapa Mkuti, Masasi.
Mlango wa kibanda changu ni bati,
na juu ya bati, kila Jumatatu, kwa chaki,
naandika msimamo wa ligi.
Hakuna aliyenituma. Nilianza mwaka tuliopanda daraja,
nikaona haya kuacha tulipoanza kushuka,
taratibu, kama tairi lililochomwa na mwiba:
halilii, halipasuki,
asubuhi tu unalikuta limekaa.

Februari nikachora mstari chini ya timu ya kumi na nne.
Chaki ilikuwa imekwisha,
nikachovya kijiti kwenye mafuta ya maganda ya korosho,
yale yanayobabua vidole
(na sisi ndio Wabanguaji FC,
timu yetu imeitwa kwa mikono ya mama zetu).
Mstari mweusi. Siku hiyo tulikuwa juu yake,
pointi mbili.

Ndipo hesabu zikaanza.
Watu ambao darasa la saba liliwashinda
sasa wanatoa, wanajumlisha, wanabeba moja mkononi:
tukitoa sare Mbeya,
na wale wa Shinyanga wafungwe mawili,
si moja, mawili,
na refa awe mtu mwenye kwao...
Chilumba wa mashine ya kusaga alipigia hesabu juu ya mfuko wa unga.
Mteja akaubeba mfuko,
akaenda kusonga ugali wa matumaini yetu.

Nandonde alisema golini kumezikwa kitu.
Wakachimba usiku, kwa tochi za simu.
Wakapata kijiko.
Jumamosi kipa wetu akatumbukia kwenye shimo lao,
mpira ukampita pole pole,
kama mgeni anayebisha hodi huku ameshaingia.

Hokororo akavua jezi yetu, akavaa ya Kariakoo,
akaapa ameipenda tangu utoto.
Tukamwacha.
Lakini kila redio ikitangaza mechi yetu
alipita kibandani na baiskeli nzima kabisa:
"Hebu niangalizie breki."
Nikaziangalia breki
dakika tisini.

Asumini Nantanga hakusema neno.
Yeye aliuza korosho zake kangomba,
mikorosho haijatoa hata ua,
ili vijana wapate nauli ya Mbeya.
Jioni alisimama mbele ya mlango
akasoma kutoka chini kwenda juu,
kama mtu aliyepata barua ya msiba
anatafuta salamu za mwanzo.

Siku ya mwisho tulikuwa na redio mbili,
moja ya Mbeya, moja ya Shinyanga,
na betri za kuazima.
Mbeya: sare.
Shinyanga: bao, dakika ya themanini na nane,
mtangazaji akalivuta jina la mfungaji
hata betri zikachoka.

Nilitegemea kilio. Nilitegemea mawe.
Mtu mmoja aliuliza bei ya spoku.
Nikamtajia. Akasema ghali.
Hokororo alikaa chini, kwenye mavumbi, na jezi yake ya watu,
akafunga uso kwa kola.

Jumatatu nikaliandika jina letu chini ya mstari,
pale bati lilipoliwa na kutu,
herufi zikabanana: WABANGUAJ,
I ikakosa nafasi.
Siku iliyofuata nikafuta vyote.
Chaki ikatoka kwa kitambaa kibichi.
Mstari ukagoma.
Sabuni, mchanga, petroli: haukutoka,
vidole vyangu ndivyo vilivyobabuka.

Sasa Mshamu, mtoto wa Asumini, ana miaka saba,
akienda shule anapitia kwangu,
anasimama wima, mgongo kwenye bati,
visigino vimegusa,
na ananiomba niweke kiganja kichwani pake.
"Bado," namwambia. "Vidole viwili."
Anafikiri. Anajumlisha, namwona anajumlisha.
"Hadi ligi ianze?"
Nami naishika pampu,
naendelea kujaza upepo.